Nilivyokamua mafuta ya majani ya mdalasini kwa hita ya umeme

Wakulima wa mdalasini huku Muheza, hasa wa milima ya Amani, wakishakata matawi na kubandua magome, majani huyaacha palepale shambani yaoze. Malundo yale yalikuwa yananiuma roho. Likunje jani moja, lifikiche vidoleni, unusie: ni karafuu kabisa. Na si ajabu, kwa sababu mafuta ya jani la mdalasini na mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni kitu kimoja, yujenoli, ileile ambayo madaktari wa meno wameitumia miaka na miaka kutuliza jino. Gome ndilo lenye mafuta ya namna nyingine. Basi nikaazimia kutengeneza mtambo mdogo wa kukamua kwa mvuke, na nikataka uende kwa umeme.

Kuni nazijua. Ukichochea, mvuke unakuja kwa kishindo, unapita kwenye koili (bomba lililozungushwa la kupozea mvuke uliobeba mafuta) kabla haujapoa, harufu inaishia hewani. Moto ukilegea, kazi inasimama. Hita ya kilowati 2 haina mambo hayo. Lita 10 za maji zinachemka kwa karibu nusu saa, kisha kila saa zinavukizwa kama lita mbili na nusu, ukishatoa joto linalopotelea ubavuni mwa pipa. Nalifunika pipa kwa blanketi kuukuu, mbali na nyaya, na hapo napata mvuke mwingi zaidi kwa uniti zilezile.

Pipa lenyewe alinichomelea fundi kwa chuma kisichoshika kutu. Hapo sikutaka kubana matumizi, maana chuma cha kawaida kikikutana na yujenoli mafuta yanageuka rangi na kuwa meusi. Maji na hita viko chini. Juu yake kuna wavu, na majani yanakaa juu ya wavu. Jani likigusa hita linaungua, na mkamuo mzima unabeba harufu ya moshi ambayo haitoki tena. Mfuniko nauziba kwa unga wa ngano uliokandwa. Unga huo ni kinga pia: njia ya mvuke ikiziba, unaachia wenyewe kabla pipa halijafura. Usijaribu kabisa kukaza mfuniko kwa boliti kwenye chombo kisicho na valvu ya kutolea presha.

Upande wa umeme nilimwachia fundi umeme. Hita ya namna hii inavuta karibu ampea 9 kwa saa kadhaa mfululizo, na zile ekstensheni za bei poa zinapata moto hadi plastiki inalainika. Kwa hiyo ina waya wake kutoka kwenye breka, na pipa lote limeungwa na waya wa ethi. Maji nayapima kabla ya kuwasha, yatoshe saa zote za kazi na bado yaifunike hita mwishoni. Hita ikibaki kavu inaungua.

Kupoza ndiko kunakotaka akili. Koili imezama kwenye ndoo kubwa. Maji baridi nayaingiza kwa chini, yaliyopata moto yanamwagikia juu. Kinachodondoka nakigusa kwa kidole: kikiwa vuguvugu, sawa, kikiwa cha moto, naongeza maji ya kupozea.

Matone ya kwanza ni meupe kama tui. Ukiyaacha yatulie kwenye chupa ya kioo, unaona vipunje vya rangi ya dhahabu vinakusanyika na kuzama polepole, kwa sababu mafuta haya ni mazito kuliko maji. Ndiyo maana koki ya chupa yangu iko chini. Nikikamua mchaichai mambo yanageuka, mafuta yake yanaelea. Yale maji meupe simwagi: bado yamebeba yujenoli iliyoyeyuka, kwa hiyo nayarudisha ndani ya pipa kwa mkamuo unaofuata. Tangu nianze kufanya hivyo, napata mafuta mengi zaidi kwa majani yaleyale.

Majani ya mdalasini yanatoa mafuta ya karibu asilimia 1 ya uzito wake. Karafuu kavu ina hadi asilimia 15 au zaidi, lakini kwa bei ya karafuu mimi sioni sababu ya kuikamua wakati makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yapo. Pemba wana kiwanda kizima cha makonyo pale Wawi. Mchaichai haufiki hata nusu asilimia, ila watengenezaji wa sabuni wanaupenda mno, na mimi pia.

Mafuta nayahifadhi kwenye chupa za kioo cha kahawia, si plastiki, maana yanailainisha. Ngozini hayapakwi hivihivi, yanaunguza. Lazima uyazimue kwa mafuta ya nazi au mengine ya kula.

Kuhusu umeme kukatika katikati ya kazi: mkamuo hauharibiki, unaendelea ukirudi. Ila hakikisha mdomo wa koili hauzami ndani ya chupa. Pipa likipoa linavuta hewa, na mdomo ukiwa umezama, mafuta yote uliyoyapata yatarudi ndani.