Bikoni ya nne

Baba alinunua ploti yake Ruai, Nairobi, futi hamsini kwa mia, wakati sehemu ile bado ni nyasi na udongo mweusi. Alipostaafu akataka kujenga, bikoni tatu, zile alama za mpaka kwenye kona, zikaonekana, ya nne ikakosekana. Jirani alikuwa ameshapiga fensi ya mabati upande huo, na maneno yakaanza kuwa mengi. Mpima ardhi alisema anaweza kuirudisha kwa vipimo, lakini jirani akakataa katakata: anataka kuiona ile ya zamani. Baba alikatwa mshahara miaka mingi kulipia kipande kile. Kona hiyo moja ilimnyima usingizi, na mimi sikuvumilia kumwona hivyo.

Rafiki yangu alikuwa na mashine ya kutambua metali, aliyoinunua kwa ajili ya dhahabu ya Migori. Aliniazima. Sikuwahi kushika kitu kama hicho, kwa hiyo nilisoma kijitabu chake chote ndani ya matatu, Kangundo Road nzima.

Nilipofika niliunganisha fimbo, nikafunga sahani ya chini, na waya wake nikauzungushia fimbo ukakaza, kwa kuwa waya unaoning'inia huifanya mashine ilie bure. Simu nikamwachia Baba, maana nayo huichanganya. Kisha likaja jambo ambalo ndilo lililotuokoa. Mashine nyingi za wanaoanza zina mpangilio wa kupuuza chuma, maana wengi hutafuta sarafu na pete. Sisi tulitafuta chuma chenyewe, pini iliyosimamishwa ndani ya zege. Nikaiweka ipokee metali zote.

Udongo nao una madini yake, na mashine huyasikia. Nilitafuta mahali pasipo na chuma, nikawa nainua sahani hadi usawa wa goti na kuishusha karibu na ardhi, huku nikirekebisha, mpaka mlio ule ukatulia. Hapo ndipo nilipoanza kutembea, polepole, sahani ikiwa sambamba na ardhi, kila mpito ukipanda kidogo juu ya uliotangulia.

Tulichimbua misumari, waya za kufungia nondo, vizibo vya soda. Taratibu sikio likazoea. Msumari uliolala, ukiupitia kwa urefu wake, mara nyingi hulia mara mbili. Pini iliyosimama nilitarajia ilie mara moja, palepale, hata nikigeuka na kuipitia kwa kukata msalaba.

Lakini kwenye kona yenyewe mashine ililia mfululizo kwa sababu ya mabati. Jirani akatoka.

"Kijana, umepata?"

"Bado, mzee. Mabati yanaichanganya. Naomba tutoe haya mawili ya kona, nitayarudisha kwa mkono wangu."

Baba alinyamaza. Mzee yule akaangalia mashine, akaniangalia mimi, kisha akaingia ndani na kutoka na nyundo. Akayang'oa mwenyewe. Mpaka leo namheshimu kwa hilo, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha.

Mabati yalipowekwa mbali, nikapitisha sahani tena. Mlio mmoja. Nikageuka, nikakata msalaba: mmoja, palepale. Udongo mweusi wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali, hivyo tulipokezana sululu mpaka ikagonga zege. Nikafagia kwa vidole. Katikati ya zege kilitokeza kichwa cha chuma chenye kutu, kinene kama kidole gumba.

Hatukuitikisa. Kung'oa au kusogeza bikoni ni kosa kisheria, na pia kuiona tu hakutoshi. Tuliizungushia mawe, Baba akamwita mpima ardhi, akaja na ramani na kupima kutoka zile tatu. Ilikuwa ndiyo. Fensi ilikuwa imeingia kwetu hatua moja.

"Fundi ndiye aliyeipiga hapo," mzee alimwambia Baba. "Nitairudisha."

Kisha akanigeukia. Kona yake ya nyuma nayo haikuonekana tangu barabara ilipochongwa, akaniuliza kama betri bado ina moto. Ilikuwa nao. Nikachukua mashine, tukaelekea nyuma wote watatu.