Kutoka Vuga hadi Jang'ombe, nyuma ya Mkutano

Niliisikiliza albamu ya Mkutano tena ndani ya boti kutoka Dar, na tulipoupita mnara wa taa wa Chumbe nilikuwa nimeshairudia mara mbili. Albamu hiyo ilitoka 2005. Taj Mahal, mpiga bluzi (muziki wa Wamarekani weusi) aliyezaliwa Harlem, New York, 1942, alikutana na Culture Musical Club, kikundi cha taarabu cha Unguja kilichoanza 1958. Mwimbaji Makame Faki yumo, mwimbaji Bi Kidude yumo. Kabla ya hapo Taj Mahal alikuwa amesharekodi na Toumani Diabaté wa Mali, na Hawaii ameishi miaka mingi akipiga na wanamuziki wa huko. Lakini hii ya Unguja ndiyo naipenda kuliko zote, nami nilitaka kusikia kwa masikio yangu kwa nini bluzi ilikaa vizuri hivyo ndani ya taarabu.

Kutoka bandarini Malindi nilikwenda kwa miguu. Forodhani sikusimama.

Jioni, jengo la Culture pale Vuga, fidla zilikuwa zinalinganishwa. Nilimwamkia mzee wa ganuni, akaitikia marahaba, akanionyesha kiti karibu yake. Ganuni ni ala ya kudonoa yenye nyuzi zaidi ya 70, na pembeni kuna vijiti vidogo vya chuma. Mzee akainua kimoja, sauti ikapanda kidogo tu, ikasimama mahali ambapo kinanda hakina kitufe chake. "Hapa ndipo moyo ulipo, mwanangu," akasema. Mwili ulinisisimka, maana pahala hapo hapo ndipo mwimba bluzi anapopatafuta kwa koo, na mpiga gitaa kwa kuuvuta uzi au kwa kutelezesha shingo ya chupa juu yake. Fidla nazo hazina vizuizi shingoni, kwa hiyo zinafika bila taabu. Nikaelewa kwa nini ndani ya Mkutano hakuna aliyelazimika kumpisha mwenziwe. Albamu nyingi za kuchanganya muziki wa nchi mbili zinanichosha: huyu anapiga, yule anasubiri zamu. Humu wanapumua pamoja.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenielekeza Jang'ombe. "Ukitaka mizizi, nenda kwenye kidumbaki," yaani taarabu ya kuchezwa arusini, yenye ala chache.

Nikavuka Mnazi Mmoja, nikashika njia ya Ng'ambo. Arusini wanawake walikuwa wameshajaa uwanjani. Fidla moja, ngoma mbili ndogo, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (kayamba za kutikisa), na sanduku: kasha la mbao lililopinduliwa, fimbo, na uzi mmoja. Mpigaji akiivuta fimbo, uzi unakaza na besi inapanda, akiilegeza, inashuka. Kusini mwa Marekani watu weusi walipiga besi ya namna hiyo hiyo kwa karai la kufulia. Nyimbo za taarabu ziliunganishwa moja hadi nyingine bila kupumzika, kila moja kwa kasi zaidi, na viuno havikusimama.

Walipopumzika nikamweleza mpiga sanduku habari za karai. Hakushangaa hata kidogo. Alitaka kujua wenzake wa huko wanafunga uzi gani. Nikamwambia wengine kamba, wengine waya. Akatikisa kichwa, akanishikisha wake: mshipi mnene wa kuvulia. Waya unakata vidole, akasema, na kamba ikipata unyevu wa bahari hailii. Kisha fidla ikamwita.