Redio yangu ya Kirumba haikatiki umeme ukikatika

Watu wanaosema redio ya mtandaoni huanza na kununua programu ya bei mbaya walinipotezea miezi minne. Leo natangaza kutoka chumba kimoja hapa Kirumba, Mwanza, karibu na soko la Mwaloni, na programu zote ninazotumia nimezipata bure na kihalali. Najivunia sana, na nataka mwenye nia kama yangu asipite nilikopita.

Mimi nilianza kwa fundi mmoja wa mjini. Nilimweleza nataka kurusha bei za dagaa, habari za boti, na hadithi za wazee wa Ukerewe. Akaniambia, "Kaka, za bure ni za wanafunzi, wewe chukua ya kazi." Akanipakia programu kubwa ya kulipia iliyovunjwa kufuli, yaani nakala ya wizi isiyo na leseni, nikamtolea laki na ushee. Ili ikubali kuingia, alizima kinga ya virusi kwenye laptopu. Wiki ya tatu, katikati ya kusoma bei, ikadai namba ya leseni na sauti ikakatika hapo hapo. Hilo ningelivumilia. Lakini siku chache baadaye faili zangu zilianza kuharibika moja baada ya nyingine, zikiwemo rekodi za mzee mmoja wa Nansio aliyenisimulia kwa Kikerewe jioni mbili mfululizo. Mzee yule amekwisha kufariki. Rekodi zile sina. Ndiyo maana nikisikia mtu anashauri programu ya wizi, nakasirika kweli.

Baada ya hapo nikaanza upya kwa swali jingine kabisa: msikilizaji wangu anatumia nini? Anatumia simu na bando la kuunga. Ukirusha kwa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja inamla megabaiti zipatazo 58. Kwa kilobiti 32 anatumia 14 na kidogo. Mvuvi anayesikiliza saa tatu atamaliza bando lake kwa ajili yako, halafu kesho hafungui tena. Kwa hiyo programu yoyote isiyoweza kurusha AAC+, aina ya kubana sauti isikike vizuri kwa data kidogo, kwa kilobiti 32 niliiweka pembeni. Opus, aina nyingine ya kubana sauti, nayo ni safi hata kwenye kilobiti chache, nimeijaribu, ila simu kadhaa za wasikilizaji wangu ziligoma kuifungua.

Kwa seva, yaani kompyuta inayopokea sauti yangu na kuigawa kwa wasikilizaji, nilichagua programu ya Icecast. Mwanzoni niliiweka nyumbani na haikufaa: modemu ya laini ya simu haikuwa na anwani ambayo mtu wa nje angeweza kuifikia. Hata ingekuwa nayo, kila msikilizaji anavuta nakala yake mwenyewe, hivyo watu 40 kwa kilobiti 32 ni kilobiti 1,280 kila sekunde kutoka sebuleni kwako. Kodi seva ndogo iliyoko kwenye intaneti, na kutoka nyumbani uipelekee mkondo mmoja tu. Mimi nailipia kwa mwezi pesa isiyofika kilo chache za sangara.

Upande wa studio, laptopu kuukuu inacheza nyimbo kwa Mixxx, programu ya ma-DJ, waya unaingia kwenye miksa pamoja na maikrofoni, na miksa inaingia kwenye laptopu ya pili yenye BUTT, programu inayopeleka sauti kwenye seva. Hiyo BUTT ni kidirisha kidogo tu, lakini inarusha, inarekodi papo hapo, na mtandao ukirudi inajiunganisha yenyewe. RadioDJ, programu ya kupanga na kucheza vipindi yenyewe, niliijaribu pia. Ni nzuri kwa kituo chenye ratiba ya saa 24, ila inataka hifadhidata yake pembeni na mimi sikuwa na haja nayo. Vibali vya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na vya hakimiliki ya muziki shughulikia mapema, usisubiri upate wasikilizaji.

Sasa tuje kwenye umeme. Ukikatika, laptopu zina betri, lakini ruta inazima na redio inakufa. Nilikaa usiku mwingi nikisoma faili la mipangilio la Icecast mpaka nikakuta kipengele cha fallback-mount, yaani njia ya kukimbilia ya kwanza ikikatika. Unaweka njia mbili, yangu moja inaitwa /laivu na nyingine /akiba. Laivu ikikatika, seva inawahamishia wasikilizaji akiba, na ukiandika 1 kwenye fallback-override inawarudisha laivu ikipatikana. Kule akiba nimeweka Liquidsoap, programu ya kucheza sauti bila mtu, ambayo inakaa kwenye seva yenyewe na kucheza hadithi nilizokwisha kurekodi.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Seva ilihamisha watu vizuri, lakini simu zikabaki kimya. Siku mbili nzima natafuta! Kumbe akiba ilikuwa MP3 ya kilobiti 128 na laivu ni AAC+; simu iliyoanza na lugha moja haiwezi kubadilishiwa katikati. Nikazilinganisha kila kitu, hadi kasi ya sampuli za sauti, herzi 44,100. Nikamwomba mdogo wangu asimame uani na simu sikioni, nikachomoa waya wa ruta. Akapaza sauti, "Kaka, hadithi imeingia!" Hakusikia ukimya hata kidogo.

Sababu yake niliielewa baadaye, na ndiyo inayonifurahisha kuliko yote. Kwa mipangilio yake ya kawaida, Icecast humpa msikilizaji mpya baiti 65,535 kwa mkupuo. Kwa kilobiti 32, hizo ni sekunde 16 za sauti zilizotangulia kukaa ndani ya simu. Chanzo kikipotea ghafla, seva husubiri sekunde 10 kabla ya kukata tamaa. Simu ina sekunde 16 mkononi, seva inahitaji 10, basi pengo linafunikwa. Nilitaka kupunguza mkupuo huo kwa sababu wanaopiga simu studioni husikia sauti yao ikitoka redioni kwa kuchelewa. Nikauacha. Siku hizi nawaambia tu, "Mama, shikamoo, naomba uzime redio kwanza ndipo tuongee."

Juzi ilikuwa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wamepumzika nchi kavu, wasikilizaji wengi. Saa tatu usiku umeme ukaondoka mtaa mzima kwa dakika 40. Uliporudi nikafungua maikrofoni, na simu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa Nansio: "Mwanangu, mbona umeikatiza ile hadithi? Hebu irudishe tumalizie."