Mjomba, huyu watamvua au ni jini kweli?

Jumamosi usiku hapa Mikindani, Mtwara, mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tatu, alinikumbusha ahadi ya muvi, nikafungua laptopu tukaangalia Scooby-Doo ile ya waigizaji watu, sio ya kuchorwa, ya 2002. Katuni zake kashazimaliza zote nilizonazo kwenye flashi kwa hiyo alikuwa anasubiri kitu kimoja tu, majini yalipotokea akaninong'oneza, "Mjomba, huyu watamvua au ni jini kweli?" Nikanyamaza maana jibu nalijua na silipendi.

Katuni kama umeisahau ni vijana wanne na mbwa wao, wanafika mahali kuna zimwi linasumbua watu, wanakimbizwa weee, mwisho wanalinasa wanalivua sura, kumbe ni mtu tu, anatisha wenzie ili wahame abaki na ardhi au afiche magendo yake. Ilianza Septemba 1969 kituo cha CBS, kipindi ambacho vikundi vya wazazi kule Marekani vinalalamikia katuni za Jumamosi kwamba zina vurugu sana, ndo Joe Ruby na Ken Spears wakaja na hii ya kutisha kidogo na kuchekesha sana.

Sasa muvi ikapeleka wale vijana kwenye kisiwa chenye majini ya kweli kabisa yanayoingia kwenye miili ya watu. Kuvuliwa kupo mwanzoni na mwishoni na kuzuri tu, ila yale majini ya kisiwani yanabaki majini, ya kompyuta. James Gunn aliyeiandika ameshasema mwanzoni ilikuwa ya kikubwa zaidi ndo ikapunguzwa iwe ya familia, na kwa kweli unaona, kuna utani mule mtoto haupati. Hela iliingiza, ilitengenezwa kwa dola milioni 84 ikarudisha zaidi ya milioni 270.

Na sio kwamba yote mabaya. Matthew Lillard ndiye Shaggy mwenyewe, yule kijana rafiki wa mbwa, yule jamaa anamkumbatia mbwa ambaye hayupo na mimi namwamini, hadi baadae Casey Kasem aliyekuwa sauti ya Shaggy tangu 1969 alipostaafu yeye ndo akairithi kwenye katuni zenyewe. Mbwa kuwa wa kompyuta pia nawaelewa, maana mchoraji Iwao Takamoto alimuuliza mtu anayefuga mbwa wa aina ile sifa za mbwa mzuri zikoje halafu akachora kinyume chake, mgongo umepinda, miguu matege, sasa wa hivyo utampata wapi.

Ila zimwi jamani, zimwi lilitakiwa liwe mtu kwenye kinyago! Hiyo ndo faida pekee ya kuitoa kwenye katuni ukaweka watu. Katuni inaweza kuchora kinyago tu, muvi ya watu ingeweza kukivaa kweli, ukaona jasho shingoni, ukaona macho ya mtu yanachungulia kwenye matundu. Wakaiacha hiyo nafasi.

Labda nasema hivi sababu nimekulia Newala kwa babu. Midimu, wale wacheza ngoma wa Kimakonde wanaovaa vinyago, ikitoka, sisi watoto tulikuwa tunakimbilia kwenye mikorosho hatuangalii nyuma, na hakuna aliyetuambia ndani kuna nini. Baada ya jando unajua unachokijua, mengine siyaandiki hapa, ila mtu aliyepita pale anaelewa uzito wa uso kutoka chini ya uso mwingine. Hauhitaji kompyuta yoyote.

Nikawaza ingefanyika hapa hapa Mikindani, kwenye zile nyumba kuukuu za mawe ya matumbawe, mibuyu, boma la Mjerumani pale juu. Miaka ile ya gesi asilia huku Mtwara bei za viwanja zilipanda mpaka watu wakashangaa, basi kuna bibi ana kiwanja karibu na maji hataki kuuza, na kila usiku kuna kitu kinapita dirishani kwake. Kinyago kisiwe cha ngoma, kile kina heshima yake, huyu tapeli achongeshe cha kwake, na sio cha mpingo maana mpingo mzito huwezi kuuvaa usoni, mti mwepesi, na chale zimechorwa kimakosa, na hapo hapo bibi wa Kimakonde anamjua kuwa ni muongo. Bibi mwenyewe ndo amvue.

Muvi ilipoisha mtoto akasema nzuri, ila akaomba tuweke katuni moja kabla ya kulala. Nikaweka ile ya kwanza kabisa ya 1969, yenye askari wa mavazi ya chuma meusi. Walipomvua akatokea yule mzee wa makumbusho, mtoto akasema "nilijua tu", akageukia ukutani akalala.