Nilivyomfikisha baba Ziwa Ngozi

Baba yangu aliendesha lori, baadaye Kosta, kati ya Mbeya na Kyela kwa zaidi ya miaka ishirini. Kibao cha Ziwa Ngozi, ziwa lililo juu ya mlima wa jina hilohilo, alikipita asubuhi na jioni, wala hakuwahi kukata kona. Alipostaafu alilisema jambo hilo mara moja tu, tena si kwa kuomba: "Nimewashusha watu wengi pale wakaenda kuliona ziwa. Mimi sijaliona." Ana miaka 67 na goti la kulia linamsumbua. Nikaamua nitampeleka.

Mimi naishi Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, kwa hiyo safari yenyewe si ndefu. Ndiyo maana nilipouliza kazini kila mtu alijibu kama anayeelekeza njia ya sokoni. "Nendeni tu siku yoyote, ni nusu saa ya kutembea, vaeni raba." Baadaye niligundua kwamba kati ya watatu walionishauri, wawili hawajawahi kupanda na mmoja alipanda Oktoba moja, ardhi ikiwa kavu kabisa. Hasira haijaniisha hadi leo, kwa sababu ushauri ule alioulipia ni mzee wangu, si mimi.

Tulikwenda Jumamosi ya Aprili. Mtu yeyote wa Rungwe anayesoma hapa ameshatikisa kichwa. Tulikunywa chai bila haraka, tukatoka nyumbani saa nne, tukashuka kwenye kibao saa tano na kitu. Kutoka barabara kuu hadi mguuni mwa mlima ni mwendo wa kilomita kadhaa za barabara ya udongo, na bodaboda tuliyopanda ilifika katikati ikakwama. Kijana akatuambia kwa heshima kwamba zaidi ya hapo hawezi, pikipiki itaungua klachi. Tukashuka, tukatembea kwenye tope jekundu katikati ya mashamba ya viazi, na mvua ikaanza kabla hatujaufikia msitu.

Ndani ya msitu njia huanza kwa upole, halafu inasimama. Sehemu nyingine unapanda kwa kushika mizizi. Raba zilijaa tope mpaka zikawa kama zimepakwa sabuni. Baba alianguka mara mbili, na mara ya pili alikaa chini kwa muda mrefu, mkono juu ya goti, akisema anapumzika. Nilimwambia turudi. Akasema, "Kibao nimekipita miaka yote hiyo. Leo nimeshakata kona."

Tulifika ukingoni saa nane kasoro. Mbele yetu palikuwa peupe. Sizungumzii ukungu mwepesi, nazungumzia weupe kama shuka lililoanikwa mbele ya uso. Kijana aliyetuongoza alisema tusubiri, wingu huwa linafunguka. Baba akashika shina la mti, akasimama akiangalia huo weupe kwa dakika arobaini, maji yakimtiririka kwenye koti. Chini tulisikia ndege. Mara moja tu palifunguka tundu dogo, nikaona kitu cha kijivu ambacho kingeweza kuwa maji au kingeweza kuwa wingu jingine, kisha pakajifunga. Tulishuka polepole, nikiwa mbele yake ili akiteleza aniangukie mimi, na giza lilitukuta hatujaifikia barabara. Mama alimkanda goti kwa maji moto siku tatu. Hakunigombeza, ila hakunisemesha pia.

Kilichonifungua macho ni baba mwenyewe, wiki kadhaa baadaye, akiwa amekaa barazani. Alisema, "Wingu la Isongole linatoka Kyela." Isongole ni pale njiani, karibu na Ngozi. Akanieleza kama dereva anavyoieleza barabara. Asubuhi unatoka Kyela, kule chini karibu na Ziwa Nyasa, jua limetulia, huku juu nako anga safi. Kadiri jua linavyopanda, hewa yenye unyevu wa ziwa hilo nayo inapanda, inapita Tukuyu, na kufikia mchana imejaa Isongole mpaka unawasha taa. Ziwa Nyasa liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zisizofika 500, na kilele cha Ngozi kiko mita 2,600 na ushee. Hewa ile ikipandishwa hivyo lazima ipoe, na ikipoa inageuka wingu, na wingu linatua kwenye milima ya Uporoto na mlima Rungwe. Ndiyo sababu wilaya ya Rungwe inapata mvua nyingi kupita karibu sehemu zote za nchi, na ndiyo sababu migomba na chai vinastawi vile. Kitu hiki nakijua tangu shuleni, lakini sikuwahi kukiunganisha na safari yangu. Ngozi haihitaji mtu mwenye mapafu ya mwanariadha. Inahitaji mtu anayefika juu kabla wingu halijafika.

Kwa hiyo nilifuta kila nilichoambiwa, nikapanga upya kuanzia wingu. Mvua kubwa hunyesha Novemba hadi Mei, tukaiacha ipite. Juni na Julai baridi ya kule inakata vidole, na sikutaka kuliamsha goti la mzee, tukangoja Septemba. Lakini hata Septemba mawingu yapo siku nyingine, na usiku nikiwa Uyole sina namna ya kujua kesho juu kutakuwaje. Programu ya hali ya hewa kwenye simu inanipa habari za Mbeya mjini, sio za mlima ule.

Hapo baba akamkumbuka mama mmoja anayeuza viazi na kabichi Isongole, kando ya barabara. Walijuana tangu enzi za lori, kwa sababu madereva wa zamani walikuwa wakimuuliza juu ya ukungu kabla ya kuendelea na safari. Isongole iko kati ya Ngozi na mlima Rungwe, kwa hiyo yeye akitoka nje ya nyumba yake anauona Rungwe wote, mita 2,960, bila kuinuka kwenye kigoda. Nilikwenda kumsalimia, nikanunua debe la viazi, nikamweleza shida yangu. Akaniambia, "Mwanangu, nipigie saa kumi na mbili na nusu, kukianza kupambazuka. Mzee akiwa amevaa kofia, lala."

Mzee ndiye mlima Rungwe, na kofia ni wingu la kileleni. Alinifundisha pia kutofautisha. Ukungu uliolala chini mashambani alfajiri hauna neno, jua likitoka unaondoka. Wingu lililokaa kileleni kabla ya jua halitoki, linangoja wenzake.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa tumeshavaa, begi liko mlangoni. Nikapiga. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Kavaa kofia mpaka mabegani." Tukavua viatu. Jumamosi iliyofuata alisema kofia ipo, ndogo. Nilitaka kwenda, baba akakataa: "Aliyeko huko ndiye anayeona." Kufikia saa tatu milima yote ya upande ule ilikuwa imezibwa, hata kutoka Uyole tuliiona. Jumamosi ya tatu simu ilipokelewa kabla haijaita mara mbili. "Yuko kichwa wazi. Njooni."

Tulikuwa kwenye kibao saa moja na robo. Safari hii bodaboda nilizipatana jana yake kwa simu, madereva wawili wanaoijua ile njia, nikawaambia nusu ya hela wataipata wakitufuata saa sita. Hilo ni muhimu kuliko bei. Kwenda utapata pikipiki, kurudi utabaki unatembea na miguu iliyochoka. Jumla ya nauli zote, kiingilio cha msitu na kijana wa kutuongoza haikufika laki moja kwa watu wawili, na hapo nimeweka na viazi.

Viatu navyo vilikuwa na mapinduzi yake. Baba alivaa gambuti, zile za shambani, akachukua kamba ya katani akazizungushia kwenye soli mara nne, fundo akaliweka juu ya mguu ili lisikanyagwe. Nilimuuliza amejifunzia wapi. Akasema barabara za Mwakaleli wakati wa mvua walifunga minyororo kwenye matairi, na mguu ni tairi. Nilifanya hivyo kwenye viatu vyangu pia. Hata kiangazi ile njia haikauki, kwa sababu jua haliingii chini ya miti, lakini katani iliuma udongo na hatukuteleza hata mara moja. Kamba inalika, kwa hiyo beba nyingine ya kushukia. Nimewafundisha watu wanne mbinu hii na wote wamenishukuru. Fimbo tulipewa na kijana wetu, ya mwanzi, na kwa mwenye goti bovu fimbo inafanya kazi kubwa zaidi wakati wa kushuka.

Kwa sababu hatukuwa na haraka tuliuona msitu, ambao Aprili niliupita nikiangalia miguu yangu tu. Miti imevaa kuvu na majani laini mpaka kwenye matawi, migomba pori imesimama bondeni, mianzi inagongana juu. Kijana alituonyesha kinyonga wa pembe tatu, yule wa milima ya Uporoto, akiwa kwenye tawi la usawa wa kifua. Mbega tuliwasikia wakiruka ila hawakujionyesha. Kila dakika kumi tulisimama, baba akivuta pumzi, na sikumsukuma. Anayetoka Dar es Salaam au Tanga namshauri alale Mbeya usiku mmoja au miwili kwanza. Mji wenyewe uko mita kama 1,700, mwili unapata pa kuzoelea.

Saa tatu na dakika kumi njia ikaisha na miti ikaachana.

Ziwa lilikuwa lote. Kuta za kijani zimeshuka wima pande zote, na chini kabisa maji yametulia, rangi yake kijani kinachokwenda kwenye buluu, urefu wa kilomita mbili na nusu hivi. Kijana alieleza kwamba hapa palikuwa na mlima mkubwa zaidi uliolipuka, kati yake ikadidimia, na shimo ndilo lililoshika maji. Hakuna mto unaoonekana ukitoka. Akatuonyesha kwa fimbo jinsi ziwa lilivyokaa kama ramani ya Afrika, akatuhadithia habari za mali ambayo Wajerumani wanasemekana waliizamisha humo. Mimi nilikuwa nasikiliza. Baba hakuwa anasikiliza. Alikuwa amevua kofia yake, ameishika kwa mikono miwili tumboni, midomo inatetemeka kidogo. Nilisogea nikasimama karibu naye bila kusema kitu. Kuna njia ya kushuka mpaka kwenye maji, kali sana, na kijana aliuliza kama tunataka. Baba alitikisa kichwa. "Hapa panatosha."

Tulikula viazi vya kuchemsha na chumvi, tukanywa chai ya chupa. Saa nne na nusu baba alielekeza kidole kusini. Kipande cha wingu, cheupe, kidogo, kilikuwa kimeanza kupanda kutoka upande wa Tukuyu. "Huyo anakuja. Tushuke." Tulipofika kwenye pikipiki nilitazama nyuma, na ukingo tuliokuwa tumesimama haukuonekana tena.

Isongole tulisimama kumshukuru yule mama. "Ndaga fijo," baba alimwambia, akamsimulia ziwa lote, kuta, rangi, mpaka yule kinyonga. Mama alisikiliza ameshika kabichi mkononi, hakuiweka chini mpaka baba alipomaliza. Kisha akasema amezaliwa pale, wajukuu wake wamepanda na shule, watalii amewauzia viazi hawahesabiki, na yeye hajawahi kufika.

Nilimwambia nitampeleka, gambuti na kamba nitaleta mimi. Akacheka, akauliza siku hiyo nani atakaa na biashara yake na nani atauangalia mlima alfajiri.

"Mimi," baba akasema, akavuta kigoda akakaa.