Paipu ya uzi bwawani: jaribio la 4, imekubali!

Imekubali wasee! Jumapili nimefungua kifuniko cha chini cha ile paipu yangu ya kutupia uzi wa kuvulia uliochakaa, nikapata uzi mtupu, hakuna chupa, hakuna gunzi la mahindi, nilikaribia kuimba pale pale.

Kwa waliokosa mwanzo, nilianza hii kazi baada ya kuona ndege, kwarara, amefungwa miguu na uzi wa nailoni kwa hili bwawa letu la upande wa Kiambu, anarukaruka tu, na huo uzi haukutoka mbinguni, ni sisi wavuvi. Kwa hivyo paipu ya inchi 4, elbo juu, kifuniko cha kufungua chini, kwa nguzo karibu na geti.

Shida imekuwa mdomo. Mdomo tu! Miezi mitatu nahangaika na mdomo wa paipu. Inchi 4 watu wakaona ni dastbini. Nikaandika UZI TU kwa herufi kubwa, wakaweka chupa za soda, sijui walisoma nini. Nikaweka redusa (kile kipande cha kupunguza mdomo) ya inchi 2, chupa ikagoma kuingia, nikajiona injinia, kumbe nailoni ina springi, unaisukuma ndani inajirudisha nje polepole na jioni unakuta imening'inia kama ndevu za mbuzi, sasa hiyo ni mtego wa ndege nimetengeneza mwenyewe kwa pesa yangu.

Dawa imekuwa tyubu kuukuu ya pikipiki. Nimekata kipande, nikakivuta kwa mdomo nikakaza na klipu, halafu nikachanja msalaba katikati na wembe. Ukisukuma uzi zile ndimi nne zinaingia ndani, ukitoa kidole zinafunga, uzi umebaki. Nilijaribu sebuleni mara kama thelathini hivi, bibi akauliza kama nimeacha kazi nikawa fundi wa bomba.

Kata ndoano kwanza tafadhali, watoto wa pale huingiza mikono kila mahali. Na uzi uukate vipande vifupi, na kikata kucha si mkasi, mkasi wa bei rahisi unatafuna nailoni tu. Uzi wa kusuka ndio unasumbua hata kikata kucha, huo mimi natumia wembe.

Nilikuwa nifunge paipu ya pili ng'ambo kule lakini itangoja, kwa sababu ndani nimepata pia chubwi tano, vile vizito vya kuzamisha ndoano, za madini ya risasi. Ndege wanazimeza wakidhani ni changarawe na ni sumu, Uingereza walikataza kuuza hizo ndogo ndogo tangu 1987 juu ya bata maji kufa. Sasa badala ya chubwi nimebeba nati kuukuu kutoka kwa mekanika wa boda. Hazina shepu nzuri, zinanasa kwa mawe vibaya sana, kwa hivyo nazifunga na kauzi dhaifu kando, ikinasa kakatike ako peke yake nipoteze nati tu, si mita ishirini za mshipi. Jana nimepoteza nne. Samaki sufuri.