Siku moja maishani mwangu: mshika maiki wa filamu ya Kitamil, na kunguru wake

Saa 11:20 alfajiri. Kunguru kaniamsha kabla ya alamu. Nimekulia Magomeni, Dar es Salaam. Kule hawa wenye shingo ya kijivu walikuwa wanatupokonya maandazi mkononi, na wakubwa wakituambia kwao ni Bara Hindi, kwamba waliletwa Zanzibar enzi za Waingereza halafu wakavuka. Sasa nasoma uhandisi Chennai na nimewakuta kwao. Tabia ni zilezile.

Leo Jumamosi. Bweni zima limelala, mimi natafuta betri. Nina kazi ya kushika maiki kwenye filamu fupi ya vichekesho ya Kitamil, malipo ni chakula. Niliingia kwa bahati: nilikuwa na kirekodi kidogo cha mtumba, nilichonunua ili nirekodi vipindi vya mwalimu anayeongea kama anafukuzwa. Dairekta alikiona juu ya meza kantini, akauliza kama najua kukitumia. Nikamwambia najua. Usiku ule ndipo nilipojifunza.

Saa 12:15. Bajaji hadi Mambalam Magharibi. Kodambakkam, mtaa uliotoa ile K ya Kollywood, jina la tasnia ya filamu za Kitamil, uko hapo jirani, ila ujirani huo haujatupunguzia hata rupia. Bajeti yote ni rupia 14,000. Kamera na lenzi mbili tumekodi siku moja tu, kwa hiyo jua likizama na filamu imekwisha, iwe imekwisha au haijaisha.

Dairekta ananisubiri kwenye kibanda cha kahawa. Namwita *anna*, kaka. Yeye ananiita *thambi*, mdogo wangu. Salamu yake ya kwanza ni ileile ya kila mtu mji huu: *saaptiya*, umekula? Kahawa inakuja kwenye kikombe kirefu cha stili kilichokaa ndani ya kibakuli, unaimwaga huku na huku mpaka ipoe. Anna anarudia hadithi yake ninayoijua kwa moyo: shindano la runinga la *Nalaiya Iyakkunar*, "dairekta wa kesho", lililoanza 2009, ambalo kina Karthik Subbaraj na Nalan Kumarasamy walipitia na filamu zao fupi kabla hawajapewa filamu kubwa. Kila anayekodi kamera Chennai anaijua hadithi hii. Anaisimulia kama mtu anayesoma namba za bahati nasibu.

Saa 1:40 asubuhi. Lokesheni ni sebule ya bibi yake. Bibi, *paati*, ndiye mwenye nyumba, ndiye mwigizaji mkuu, na leo ndiye mwenye ratiba. Ukutani ana kalenda ya kuchana karatasi kila siku, na ya leo inasema *rahu kalam* ni saa tatu mpaka saa nne na nusu. Kila siku ina saa moja na nusu kama hiyo, na ndani yake huanzishi jambo jipya. Basi tunakimbizana: kafuri inawashwa, nazi inapasuliwa, kamera inapakwa kumkum kidogo, ule unga mwekundu wa baraka, na saa 2:50 tunapiga shoti ya kwanza, mlango unaofunguliwa. Shoti mbovu, lakini tumeanza.

Kisha paati anatoa fatwa yake: kilichoanza kinaweza kuendelea, kipya hakianzi. Mpaka saa nne na nusu tukapiga mlango uleule unafunguliwa. Sijawahi kuona mlango umerekodiwa kwa heshima kiasi kile.

Saa 4:45. Sasa sini yenyewe. Kijana anakwenda kuposa, desturi ya kwenda kumtazama binti nyumbani kwao, ambapo mgeni huletewa *bajji* na halua ya semolina. (Bajji ni bajia kweli, ila ndani ina kipande cha ndizi mbichi.) Kijana kakosea nyumba. Kaingia kwa watu wanaomsubiri fundi wa pampu ya maji. Paati anamuuliza ana uzoefu gani. Anajibu kwa adabu. Nyumba ngapi umekwishakwenda? "Hii ya kwenu ni ya saba." Na hizo sita? "Zote walinikataa."

Hapo paati haongei. Ananyamaza, anamtazama, halafu anaivuta sahani ya bajji taratibu kuirudisha upande wake. Basi. Filamu nzima imekaa kwenye kimya hicho cha sekunde nne.

Kitamil changu ni cha sokoni, ucheshi wa maneno unanipita juu. Lakini ukikaa na hedfoni masikioni wiki kadhaa unaanza kusikia kicheko kinapokaa, na mara nyingi kimekaa pale ambapo hakuna aliyesema kitu. Ndiyo maana katika wachekeshaji wao wote mimi ni wa Vadivelu. Anna ananisuta, yeye ni wa Goundamani na Senthil, majibizano ya papo kwa papo ya miaka ya 80 na 90. Mimi sina Kitamil cha kukimbizana nao wale. Vadivelu ni kama Mzee Majuto: hajafungua mdomo, wewe umeshacheka.

Sasa ili kimya kirekodike, feni lazima izimwe. Feni ya dari inanguruma kwenye maiki kama lori la mchanga. Chennai, saa tano asubuhi, watu tisa sebuleni, madirisha yamefungwa, feni imezimwa. Maiki yangu imefungwa kwa gundi ya karatasi kwenye mpini wa mopu, na mikono imeanza kutetemeka. Mposaji anafutwa jasho kila baada ya teki. Teki ya nne, sekunde ya pili ya kimya: kraa! Teki ya tano: kraa! kraa! Ya sita, wamekuja na ndugu zao.

Saa 6 mchana. Nikagundua kwa nini nyumba hii ina kunguru wengi kuliko jirani. Paati alitoka na sura yake ya kuigizia, akapanda juu ya paa na wali kwenye jani, akauweka ukingoni, akaita: *kaa, kaa, kaa*. Hapa wengi hawali kabla hawajawapa kunguru. Ni chakula cha waliotangulia. Mume wake ametangulia. Nikamtazama anna, anna akatazama viatu vyake. Nani amwambie bibi asimlishe babu?

Tukala na sisi. Wali, sambar (mchuzi wa dengu na mboga), kabichi yenye nazi, mtindi.

Saa 8:30. Teki ya kumi na moja. Nikaomba nipande mwenyewe paani nikawafukuze, anna akakubali. Mpini wa mopu nikaufunga kwenye mgongo wa kiti, kirekodi nikakiacha kinazunguka, nikapanda na taulo. Walikuwa kama kumi na tano. Nikapunga taulo, wakaruka hatua mbili, wakanitazama. Kitamil kikaniisha, nikarudi Magomeni: "Tokeni! Wezi nyie! Mmezoea!"

Niliposhuka nilikuta watu wamekaa chini kwa kucheka, wengine machozi yanawatoka. Teki ilikuwa kamili. Paati alishika kimya chake kuliko wakati wowote, sahani ikavutwa polepole, jicho halikupepesa. Na katikati ya hiyo sekunde nne, mara tu kijana aliposema zote walinikataa, ikashuka sauti kutoka mbinguni kwa Kiswahili safi: wezi nyie, mmezoea.

Paati akauliza nimesema nini. Nikamtafsiria. Akasema mbona inafaa.

Anna hakuona inavyofaa. Tukarudia mara tatu, ikawa maji ya uvuguvugu. Picha bora ni ileile yenye mimi ndani yake.

Saa 10 mpaka 12 jioni. Sini za nje, mtaani. Hakuna cha kusimulia, mbuzi aliingia mara mbili.

Saa 1:30 usiku. Kudabu, yaani kurekodi maneno upya juu ya picha ile bora. Filamu nyingi za Kitamil sauti huingizwa baadaye studio, na sisi studio yetu ni kabati la nguo la paati lililofunguliwa milango, godoro limeegemezwa nyuma yake. Sari ishirini na kitu zinameza mwangwi vizuri ajabu. Mposaji alimaliza kwa dakika kumi.

Paati akakwama. Alishauliza swali mara mia mchana, sasa kila akiisikia sini kwenye hedfoni anawahi, anachelewa, anaimba kama anasoma tangazo. Anna akaanza kumwelekeza, bibi akaanza kununa. Nikaenda jikoni nikachukua sahani ileile ya stili nikampa. Bado. Akaipima mkononi, akanirudishia: nyepesi. Zilibaki bajji tano, baridi, mafuta yameganda. Nikazipanga. Akaishika, akauliza swali lake, akanyamaza, na vidole vyake vikaivuta sahani kifuani bila mtu kumwambia. Hata mkwaruzo wa stili kwenye bangili nikaupata. Teki moja.

Saa 4:40 usiku. Nimerudi bwenini, nyumbani bado ni saa mbili na dakika kumi. Nimeshatuma mafaili. Mikono inauma kuanzia begani.

Ujumbe wa anna unaingia. Amebandika sauti juu ya picha, midomo inakwenda sawa, kicheko kipo palepale. Ila, anasema, wanasikika kama wamekaa ndani ya mtungi. Nyumba imekufa. Anataka dakika mbili za sebule ile bila watu, aziweke kwa chini.

"Thambi, kesho njoo urekodi kunguru."

Namuuliza saa ngapi. Anasema paati anawaita saa sita, na wali. Namjibu *seri*, sawa. Nazima taa. Nje ya dirisha langu hakuna hata mmoja anayelia.